Nafasi Tupu Si Dalili ya Wizi: Somo la Kompyuta ya Macintosh II

Muhula huu nilifanya kosa ambalo limenifunza mengi. Jumamosi moja Mwalimu wetu wa kompyuta aliniruhusu kufungua kompyuta kuukuu iliyomo maabarani. Ndani nikaona mianya mirefu mitatu, mitupu kabisa. Nikakata shauri papo hapo kwamba vyombo vimeibwa. Na kwa kuwa mwenzangu mmoja wa bwenini ndiye aliyetunza ufunguo, nilimtaja yeye mbele ya wenzetu.

Mwalimu aliposikia hakunigombeza. Alisema, "Nenda kasome habari za Macintosh II, kisha uje unieleze kwa nini fundi huacha nafasi tupu kwa makusudi." Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Apple II. Mbunifu wake, Steve Wozniak, aliiwekea nafasi 8 za kuchomekea kadi. Kadi ni kibao chenye saketi, nacho huipa kompyuta kazi mpya. Aliyetaka kutumia diski alichomeka kadi ya diski. Aliyetaka kuchapa alichomeka kadi ya mashine ya kuchapia.

Mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilitoa Macintosh ya kwanza. Hii ilikuwa kinyume cha ile. Steve Jobs alitaka iwe chombo kilichokamilika: ununue, uwashe, utumie. Haikuwa na nafasi hata moja ya kadi. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 128, na skrini yake ilionyesha rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Kwa mwanafunzi anayeanza ilifaa sana. Lakini mtu ambaye kazi yake ilikua hakuwa na pa kuongezea.

Ndipo Machi 1987 ikatangazwa Macintosh II, iliyobuniwa na Michael Dhuey na Brian Berkeley. Kifuniko chake kilifunguka bila taabu, na ndani mlikuwa na nafasi 6 za mtindo uitwao NuBus. Prosesa yake ilikuwa Motorola 68020 ya megahezi 16. Ilikuwa Macintosh ya kwanza kuonyesha picha za rangi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kompyuta yenyewe haikuwa na saketi ya kuendesha skrini. Hapana budi nafasi moja itiwe kadi ya skrini. Kwa nini? Tufanye hesabu. Skrini yake ya rangi ilikuwa na nukta 640 kwa 480, yaani nukta 307,200. Kadi ilipoongezewa kumbukumbu, kila nukta iliweza kuwa na rangi moja kati ya 256. Kwa kuwa 256 ni 2 kwa kipeo cha 8, kila nukta yahitaji biti 8, yaani baiti 1. Basi picha moja hutaka baiti 307,200, ambazo ni kilobaiti 300. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kumbukumbu yote ya Macintosh ya kwanza! Mzigo huo ulibebwa na kadi, na mwenye haja ya skrini ya pili alichomeka kadi ya pili.

Tena kila kadi ya NuBus ilikuwa na maelezo yake ndani, ikajitambulisha yenyewe kwa kompyuta. Mtumiaji hakulazimika kupanga swichi ndogo ndogo.

Hata hivyo uhuru huo ulikuwa na gharama. Macintosh II iliuzwa kwa takriban dola 3,900 bila skrini, hali ile ya 1984 ilianza kwa dola 2,495. Aliyenunua alilipia pia nafasi ambazo hakuwa amezijaza.

Niliporudi kwa Mwalimu tuliifungua tena ile kompyuta yetu. Akanionyesha upande wa nyuma: vibati vya kuziba ile mianya mitatu vilikuwa bado mahali pake, havijapata kung'olewa tangu kiwandani. Hapakuwa na mwizi.

Jioni ile nilimwomba radhi mwenzangu mbele ya wale wale niliomtaja mbele yao. Akanipa mkono, akasema, "Yamekwisha, ndugu yangu. Lakini siku nyingine tazama nyuma ya mashine kabla ya kufungua kinywa."

ZOEZI

1. Skrini ya Macintosh ya 1984 ilikuwa na nukta 512 kwa 342, kila nukta biti 1. Picha moja ilihitaji baiti ngapi?

2. Kama Macintosh II ina kadi mbili za skrini, zimebaki nafasi ngapi?

3. Wewe ungechagua ipi, iliyofungwa au yenye nafasi? Toa sababu mbili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne