Mbwa Anayejikuna: Tiba za Nyumbani kwa Wafugaji wa Ipinda

Masika ya Kyela hayana mchezo. Kuanzia Machi hadi Mei mvua haikati, joto la bonde la Ziwa Nyasa halipungui, na mbwa anayemfuata mwenyewe kwenye majaruba ya mpunga hurudi na tope lisilokauka kati ya vidole. Ndipo ngozi inapowaka: wekundu, harufu mbaya, manyoya kunyofoka. Majani ya uani yanasaidia, ila kazi yake ni kutuliza. Kinachomuwasha lazima ukiondoe kwanza.

1. Mkague. Mpanue manyoya karibu na mkia, ndani ya masikio na katikati ya vidole. Kupe utawaona kwa macho. Viroboto hujificha, lakini kinyesi chao ni vumbi jeusi. Liweke kwenye kitambaa cheupe kilicholowa, likitoa rangi nyekundu basi ni wao. Kisha sugua ukingo wa sikio lake kwa vidole. Akirusha mguu wa nyuma kama anayejikuna, shuku upele, hasa kingo za masikio na viwiko vikiwa na magamba. Huletwa na utitiri wanaochimba ndani ya ngozi, na hata watu wa nyumbani wanaweza kuanza kuwashwa. Hapo majani hayatoshi. Mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo.

2. Msafishe. Ng'oa kupe, punguza manyoya kuzunguka kidonda. Chemsha nusu lita ya maji, koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha yapoe, kisha osha taratibu mara mbili kwa siku. Kausha vizuri, hasa vidole. Hatua hii watu huipuuza kwa kuwa haina dawa ndani yake, nami naiona ndiyo kubwa kuliko zote: fangasi hupenda unyevu.

3. Mwarobaini. Chemsha konzi mbili za majani kwenye lita mbili za maji, funika mpaka yapoe kabisa, chuja, kisha mmwagie mwilini baada ya kumwogesha. Epuka macho. Ni ya nje tu, usimnyweshe.

4. Mshubiri. Kata jani, liegemeze mpaka utomvu wa manjano uishe kuchuruzika, umenye na utumie ute mweupe wa ndani pekee. Ule wa manjano humharisha mbwa akiulamba, na kulamba atalamba tu. Kwa hiyo mpake, kisha mshughulishe kwa robo saa. Kidonda kidogo chenye majimaji unaweza kukipaka asali safi badala yake.

5. Malazi na chakula. Choma matandiko ya zamani, fagia anapolala, anika juani magunia mapya. Kwenye ugali wake ongeza usipa waliochemshwa bila chumvi. Mafuta ya samaki hupunguza uvimbe wa ngozi, ingawa matokeo huchukua wiki kadhaa.

Sasa, yale ya kuacha. Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa mbwa wenye upele kila kona, huunguza ngozi na kumtia sumu anapojilamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho. Kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, hata kama jirani anakisifia kwa viroboto. Na kwa kuwa huku kakao inaanikwa mbele ya nyumba, mfunge mbwa mbali na mikeka: kokwa na maganda yake vina kemikali ileile inayofanya chokoleti iwe sumu kwake.

Usaha ukitoka, mabaka yakienea, au mbwa akikataa kula, acha majani umwone afisa mifugo wa kata. Ukifika huko, ulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa.