Vijiko Viwili vya Magadi

Wengi mliopita mbele ya maabara ya elimu ya viumbe muhula huu mmeniuliza kwa nini tangi la kioo, lililokuwa na samaki 12, sasa lina 3 tu. Wengine mmesema wameibwa, na wengine mmemsingizia paka wa bwaloni. Paka hana hatia. Samaki wale niliwaua mimi, kwa vijiko viwili vya magadi, na kwa kuwa jambo lenyewe ni somo la kemia liwezalo kumfaa mtu ye yote anayetaka kufuga samaki, nimeomba nafasi katika gazeti letu nilieleze.

Samaki hao ni wa jamaa moja na perege na sato, jamaa ambayo wataalamu huiita siklidi. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za siklidi, na karibu zote hazipatikani po pote pengine duniani. Wetu waitwa Tropheus duboisi. Hukaa kwenye mawe kando ya ziwa, karibu na Kigoma, wakila mimea midogo ya kijani iotayo juu ya mawe hayo. Wakiwa wachanga ni weusi wenye madoadoa meupe. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Kwanza alipewa na mjomba wake aliye mvuvi, akasafiri nao usiku kucha, ndoo ameipakata.

Mtu aweza kudhani kuwa maji ni maji tu. Lakini maji ya Ziwa Tanganyika yamejaa bikabonati na magnesi, nayo pH yake ni kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Mnakumbuka kuwa kipimo cha pH huanza 0 hadi 14, na kwamba 7 ni katikati: chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Lililo rahisi kusahau ni kwamba kila hatua moja ni mara 10. Maji ya pH 9 yana asidi kidogo mara 100 kuliko maji ya pH 7. Basi kumhamisha samaki toka maji haya hata yale si jambo dogo kama tarakimu zinavyoonyesha.

Tangi letu lina urefu wa sentimeta 100, upana 50, na maji yafika kimo cha sentimeta 40. Kwa hiyo ni lita 200. Mwanzoni tulilijaza maji ya kisima, ambayo ni mazito, yenye chokaa nyingi, pH yake 7.9. Samaki wakapendezwa. Lakini kisima kiko mbali, na maji ya bomba yana klorini, basi kila wiki tulipobadilisha maji nilichota maji ya mvua katika tangi la nyuma ya bweni. Maji ya mvua ni safi, nasi tulisifiwa kwa usafi. Ubaya wake ndio usafi huo: hayana bikabonati.

Hapa yafaa nieleze kazi ya bikabonati. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vile vile. Katika sifongo ya pampu hukaa bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, na wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa tukiipunguza kwa kubadilisha maji. Lakini kazi hiyo huzaa asidi, na asidi hiyo hula bikabonati. Kila gramu 1 ya nitrojeni iliyo katika amonia humaliza kiasi cha gramu 7 za chokaa. Mimi nilikuwa naongeza maji yasiyo na chokaa, na bakteria walikuwa wanaila ile iliyobaki. Akiba ikiisha, pH huanguka. Nayo ikifika karibu na 6, bakteria wenyewe huacha kazi, na amonia hujikusanya.

Jumatano moja nilipima nikaona pH ni 6.2. Nilishtuka, kwani nilikuwa nimesoma kwamba samaki wa Tanganyika hutaka zaidi ya 8. Nilipima amonia pia, ikawa miligramu 2 kwa lita, lakini samaki walikuwa wanakula na kukimbizana kama kawaida, nami nikaidharau. Nikaenda jikoni kumwomba mpishi magadi. Akaniuliza, "Ya nini, mwanangu? Haya ni ya maharage." Nikamjibu, "Ni ya dawa, mzee." Akanipa. Nilitia vijiko viwili vikubwa moja kwa moja katika tangi, na saa mbili za usiku pH ilikuwa 9. Nililala nimeridhika.

Alfajiri yule mwenzetu aliyewaleta aliniamsha. "Kaka, mbona samaki wamelala juu ya maji?" Tisa walikuwa wamekwisha kufa.

Mwalimu wetu hakunikemea. Alinipa chaki akaniambia nihesabu, nami nimeona ni heri angenikemea. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili. Moja ni amoniamu, isiyopenya kwa urahisi katika mwili wa samaki; ya pili ni amonia yenyewe, ambayo hupenya matamvua na kuua. Sura hizo hugeukana kwa kufuata pH. Katika maji ya joto la 25, pH ikiwa 7, sehemu iliyo sumu haifiki hata 1 katika 100. Ikiwa 8, ni kama 5 katika 100. Ikiwa 9, ni 36 katika 100. Katika pH 6.2 ya tangi letu sumu ilikuwa chini ya 1 katika 1,000. Ndiyo sababu samaki walikuwa wakicheza ndani ya uchafu wao bila kudhurika. Mimi sikuongeza hata tone la amonia. Niliifungulia mlango tu, sumu ikazidi mara 400 katika usiku mmoja, mbali na mshtuko wa mabadiliko yenyewe.

Nilipaswa kufanya nini? Kwanza, kuwanyima samaki chakula siku mbili tatu, na kuondoa amonia kwa kubadilisha maji kidogo kidogo kila siku, kwa maji ambayo pH yake inakaribia ile ya tangi. Amonia ikiisha, ndipo kupandisha pH, isizidi 0.3 kwa siku. Tena si kwa magadi. Magadi yana kabonati pamoja na bikabonati, nayo hurusha pH juu upesi. Tumia baikabonati tupu, ile soda ya kuokea mikate. Yenyewe husimama karibu na pH 8.3. Gramu 6 katika lita 200 huongeza ugumu wa kabonati kwa digrii 1, nasi twalenga kuzidi digrii 10. Magnesi twaipata katika chumvi ya haluli ya duka la dawa. Vyote huyeyushwa katika ndoo, vikapigwa hewa usiku mzima, ndipo maji yatiwe tangini. Kamwe visitiwe vikavu.

Tumerudi kwenye maji ya kisima, ndoo mbili kila Jumamosi, na tumeweka magamba ya konokono wa ziwani penye pampu ili yayeyuke polepole. Daftari limefungwa kwa kamba kando ya tangi, na safu ya amonia iko kabla ya safu ya pH. Mwenzetu wa Kidato cha Kwanza ndiye mwandishi wake sasa. Mimi nachota maji. Jumamosi iliyopita aliandika amonia 0, pH 8.4, joto 26, na pembeni akaongeza kwamba mmoja wa wale watatu hataki kula na kidevu chake kimevimba. Samaki hawa hulea mayai kinywani kwa muda wa wiki nne hivi. Atakayetaka kumwona aje baada ya usafi wa asubuhi, lakini asigonge kioo.