Kigugumizi si Woga

Mwalimu akiniita nisome kwa sauti, neno "maji" hunikwama mdomoni na darasa huangua kicheko. Hapa Leparua wengine husema ni woga tu. Basi nikatafuta ukweli.

Mara nyingi kigugumizi huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, tena hufuata ukoo. Ubongo hukosa kupanga sawasawa mwendo wa ulimi, midomo na pumzi. Woga hauleti kigugumizi, ila hukizidisha. Watoto wengi hupona. Kwa watu wazima 100, mmoja hivi hubaki nacho, hasa wanaume. Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1952 binti yake Elizabeth akiwa hapa Kenya, alikuwa nacho. Alifunzwa na Lionel Logue, akaweza kuhutubia.

Dawa ya kukimaliza hakuna. Husaidia kusema polepole, kuanza neno kwa ulaini na kutua kati ya sentensi. Nikichunga mbuzi huku naimba, sikwami hata kidogo.

Nanyi nisaidieni: msinimalizie neno. Subirini tu, litafika.