Siku Uliyokunywa Ndiyo Siku ya Kuja

Kijitabu cha kaya kuhusu mikutano ya wanaoacha pombe, Ikuti na Rungwe

Kwa nini nimekiandika

Wengi ninaowapokea katika kituo cha afya hali zao zikiwa mbaya walikwisha kuacha pombe. Walihudhuria mkutano mara mbili tatu, wakakaa wiki kadhaa bila kuonja, kisha wakanywa msibani. Wakaona haya, hawakurudi tena. Baadaye wanaletwa wamebanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, macho ya njano, tumbo limejaa maji. Kikombe kile cha komoni kiliwatikisa tu. Kilichowamaliza ni kukosa mkutano uliofuata, walipojificha nyumbani.

Ukikumbuka neno moja tu

Siku uliyokunywa ndiyo siku ya kuja.

Mkutano ni nini

Watu walioshindwa na pombe wanakaa pamoja kama saa moja. Mmoja anaeleza yake, wengine wanasikiliza. Jina la kwanza linatosha. Unayoyasikia pale unayaacha pale.

Njia hii ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa walevi wawili: dalali wa hisa na daktari wa upasuaji. Waliona kwamba wakizungumza wao kwa wao, hamu inapungua. Leo inaitwa AA, na Tanzania ina vikundi vyake Dar es Salaam na Arusha. Hakuna kiingilio. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha.

Pa kuanzia

- Zahanati au kituo cha afya. Sema wazi: "Nataka kuacha pombe, natafuta wenzangu." Ukikuta foleni, subiri. Kilabuni mbona ulikuwa unasubiri?
- Hospitali ya Makandana, Tukuyu, au Igogwe. Ulizia mhudumu wa afya ya akili.
- Mhudumu wa afya ngazi ya jamii kijijini kwako.
- Simu 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo.
- Mtu mmoja unayemjua aliyeacha. Mfuate nyumbani kwake.

Kama hakuna kikundi karibu

Wawili mnatosha. Chagueni siku moja ya wiki, saa ile ile, mahali pale pale: darasa, ukumbi wa kanisa, baraza ya nyumba. Pawe na paa, maana mvua ya Rungwe haina miadi. Pawe mbali na kilabu. Isiwe siku ya gulio. Chai inatosha, na asiye na kitu asichangishwe.

Hatari: usiache ghafla peke yako

Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, njoo kituoni kwanza. Siku 3 hadi 4 za mwanzo zinaweza kuua. Mkimwona mtu aliyeacha pombe ana moja ya haya, mpelekeni hospitali usiku huo huo:

- degedege;
- kuona watu au wadudu wasiokuwepo;
- kutetemeka mwili mzima, jasho na homa;
- kuchanganyikiwa, hajui alipo.

Msimfunge kamba. Msiseme amelogwa. Msimpe gongo "kumtuliza". Msimlaze chumbani peke yake. Msingoje kuche. Dawa kwanza, mkutano baadaye.

Na aliyekunywa gongo akaona ukungu machoni, hospitali sasa hivi. Akichelewa anaweza kupofuka au kufa.

Siku za mtego

Malipo ya majani ya chai. Gulio. Harusi. Msiba. Nenda na mwenzako wa kikundi, shika soda mkononi mapema, ondoka kabla ya giza, rudi kwa njia isiyopita kilabuni. Wazee wakikukaribisha kimpumu, sema "Nimekatazwa hospitali." Mimi ndiye niliyekukataza.

Ukianguka

Umekunywa juzi? Njoo. Umekunywa jana? Njoo. Unanuka pombe sasa hivi? Njoo, kaa nyuma, leo sikiliza tu. Hutafukuzwa kwa kuteleza. Waliokaa mbele yako nao waliteleza.

Usiseme "nikae sawa kwanza, ndipo nirudi." Maneno hayo nimeyasikia kwa watu niliowakuta wamelala wodini. Hakuna anayekaa sawa kwanza. Mtu anarudi kwanza, kukaa sawa kunafuata.

Wiki ulizokaa bila pombe bado ni zako. Anza kuhesabu upya, lakini hesabu ukiwa na wenzako.

Siku uliyokunywa ndiyo siku ya kuja.

Mama, baba, ndugu wa nyumbani

Akianguka, msimzomee mbele ya watoto wala msimhesabie fedha alizopoteza. Muulizeni jambo moja: "Mkutano wenu ni lini?" Kisha msindikizeni mpaka mlangoni.

Nanyi mmechoka. Kaeni pamoja wenye ndugu walevi, mwambiane. Lakini anayepigwa asingoje mkutano wowote: aondoke kwanza, aende dawati la jinsia na watoto polisi.

Watoto

Usimtume mtoto kununua komoni.

Jaza hapa, bandika ukutani

Mkutano wetu ni siku ya ..................... saa .....................

Mwenzangu wa kunisindikiza ni .....................

Nikinywa, nitakwenda hivyo hivyo. Sahihi: .....................