Virusi Katika Kinyesi: Korona, Polio na Maji ya Kyela

Mvua za masika zifikapo kilele chake mwezi Aprili, sehemu kubwa ya tambarare ya Kyela hufunikwa na maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu ikiwa imefurika, na kwa kuwa tambarare yenyewe haikuinuka sana kupita uso wa Ziwa Nyasa, ulio kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, maji hayo hukosa mahali pa kukimbilia. Mpunga hustawi katika hali hiyo. Choo cha shimo, kinyume chake, huharibika. Shimo lililochimbwa kiangazi katika udongo mkavu huweza kujaa maji wakati wa masika, na yaliyomo yakachukuliwa hadi kisimani, mtoni na hatimaye ziwani, ambako watu huoga, hufua na kuteka maji ya kunywa.

Kwa sababu hiyo, habari zilizotoka katika maabara za dunia mwanzoni mwa mwaka 2020, kwamba virusi vya korona vimeonekana katika kinyesi cha wagonjwa, zilikuwa na uzito wa pekee kwa mahali kama Kyela. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Marekani, mwezi Januari mwaka huo, alipimwa kinyesi pamoja na makamasi, na alama za virusi zikapatikana humo pia. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi. Mtu yeyote aliyewahi kuona kipindupindu kikisambaa baada ya mafuriko angekuwa na haki ya kuuliza: je, ugonjwa huu wa mapafu nao utasafiri kwa maji?

Kwanza yafaa ieleweke jinsi kirusi cha mapafu kifikavyo tumboni. Kirusi hakiwezi kuingia katika chembe hai yoyote ile. Sharti kipate pa kujishikiza. Miiba iliyo juu ya kirusi cha korona hujishikiza kwenye kipokezi kiitwacho ACE2, na kipokezi hicho hakipo katika njia ya hewa peke yake. Kimejaa pia juu ya chembe zinazotanda ukuta wa utumbo mwembamba. Hivyo si ajabu kwamba baadhi ya wagonjwa wa korona walihara au kutapika, wala si ajabu kwamba mabaki ya virusi yalitoka pamoja na haja kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia wagonjwa 113 ambao hawakuzidiwa sana, na mwaka 2022 walitoa matokeo yao. Katika juma la kwanza baada ya ugonjwa kutambuliwa, karibu nusu yao, asilimia 49.2, walikuwa na RNA ya virusi katika kinyesi. Baada ya miezi minne, ambapo makamasi ya wagonjwa hao yalikwisha kuwa safi, asilimia 12.7 walikuwa bado wanaitoa, na baada ya miezi saba asilimia 3.8.

Miezi saba ni muda mrefu, na msomaji mwepesi angeweza kudhani kuwa watu hao walikuwa hatari kwa majirani zao muda wote huo. Hapa ndipo lazima kuuliza ni kitu gani hasa kilichopimwa.

Kipimo kilichotumika hutafuta kipande kidogo cha uzi wa urithi wa kirusi, yaani RNA. Kipande hicho hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha hunakiliwa mara kwa mara katika chombo kinachopashwa joto na kupozwa kwa zamu. Kila mzunguko huzidisha idadi maradufu. Mwanafunzi aweza kupiga hesabu mwenyewe: kipande kimoja, baada ya mizunguko 10, huwa vipande 1,024, baada ya mizunguko 30 huwa zaidi ya bilioni moja. Kipimo chenye uwezo wa namna hiyo huona hata mabaki haba kabisa. Lakini hakisemi kama kirusi kilikuwa kizima au kimekwisha kuvunjika. Apitaye ufukwe wa Matema asubuhi akaona magamba ya mbasa mchangani atajua kwa hakika kwamba mbasa amevuliwa. Hawezi kusema kwamba kuna samaki anayeogelea mchangani.

Ili kujua kama kirusi ni kizima, wanasayansi huchukua kinyesi, hukichuja, na kuweka maji yake juu ya chembe hai zinazokuzwa katika maabara. Kirusi kizima kitaziingia chembe hizo na kuongezeka. Mabaki hayatafanya kitu. Kwa kinyesi cha wagonjwa wa korona jaribio hili limefaulu mara chache sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walionyesha mwaka 2020 kwamba virusi vya korona huweza kuambukiza chembe za utumbo, lakini vinapoachiliwa ndani ya majimaji yanayofanana na yale ya utumbo mpana, hupoteza nguvu yao.

Sababu imo katika umbile. Kirusi cha korona kimevikwa utando wa mafuta, na ile miiba yake imepandwa katika utando huo. Nyongo, kazi yake ni kuyayeyusha mafuta ya chakula, na haibagui mafuta ya kirusi. Sabuni nayo humharibu adui huyu kwa njia hiyo hiyo, jambo ambalo mwalimu wa kemia anaweza kulionyesha darasani kwa tone la mafuta ya mawese na maji ya sabuni. Utando ukivunjika, miiba hutawanyika, na kirusi kisicho na miiba hakina pa kujishikiza.

Haifai hata hivyo kusema kwamba kinyesi cha mgonjwa wa korona hakina hatari kabisa. Mwezi Machi 2003, katika majengo ya ghorofa ya Amoy Gardens mjini Hong Kong, zaidi ya wakazi 300 walipatwa na ugonjwa wa SARS, ambao huletwa na kirusi cha ukoo huo huo. Mgonjwa mmoja mwenye kuhara alikuwa ametumia choo katika mojawapo ya majengo hayo. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye mabomba: mikingamo ya maji katika sakafu za bafu ilikuwa imekauka, na feni za bafuni zikawa zinavuta hewa ya bomba la maji machafu, pamoja na matone madogo mno, hadi ndani ya nyumba. Ni vema kutambua kwamba hata hapo njia inayodhaniwa ni hewa. Hakuna aliyeonyesha kwamba ugonjwa ulipitia maji ya kunywa.

Basi kwa maji ya Kyela korona ilikuwa tishio dogo kuliko lilivyodhaniwa. Lakini miaka miwili baadaye, kirusi cha aina nyingine kilionekana karibu na ziwa hilo hilo, na hicho kwa kinyesi ndiko kwao.

Tarehe 17 Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa miaka mitatu mjini Lilongwe alikuwa amepooza kwa polio. Uzi wa urithi wa kirusi chake ulilinganishwa na vingine, ikajulikana kuwa asili yake ni Pakistan. Mtoto alikuwa amepooza tangu Novemba 2021. Tanzania ilikuwa haijaona mgonjwa wa polio ya asili tangu mwaka 1996, lakini kati ya Kyela na Malawi pana Mto Songwe tu, na katika kituo cha mpakani cha Kasumulu watu na malori huvuka kila siku. Mwezi Machi 2022 chanjo ya matone ilitolewa kwa watoto wadogo katika mikoa ya mpakani ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma.

Kirusi cha polio hakina utando wa mafuta. Kina ganda la protini tupu, gumu, ambalo asidi ya tumbo haliliwezi wala nyongo haiwezi kuliyeyusha. Hukaa kooni kwa juma moja au mawili, lakini katika kinyesi huendelea kutoka kwa majuma kati ya matatu na sita, na hutoka kikiwa kizima. Tena, kati ya watu 200 walioambukizwa, mmoja tu hivi ndiye hupooza. Waliobaki huenda chooni, shambani na mtoni bila kujua lolote. Choo kilichofurika ambacho kwa korona hakikuleta madhara makubwa, kwa polio ni njia iliyo wazi.

Miji yenye mabomba ya majitaka ina nafasi ya kutega sikio. Huko Uholanzi, mapema mwaka 2020, RNA ya korona ilionekana katika majitaka ya mji wa Amersfoort siku chache kabla ya wagonjwa wa kwanza wa mji huo kutangazwa. Katika vijiji vya choo cha shimo hakuna bomba moja linalokusanya habari za watu wote. Kazi hiyo huanzia kwa mzazi na mhudumu wa afya. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, hata kama sababu inadhaniwa kuwa nyingine, kinyesi chake huchukuliwa mara mbili, kwa tofauti ya saa 24 au zaidi, kabla ya siku 14 kupita tangu alegee.

Kwa kuwa maabara ya polio hutafuta kirusi kizima chenye uwezo wa kukua katika chembe hai, si mabaki tu, sampuli hiyo sharti isafiri katika baridi. Kutoka Matema hadi Kyela mjini, kisha kupanda Tukuyu hadi Mbeya na kuendelea mbele, barafu ndani ya kisanduku isiyeyuke, na sampuli ifike katika muda wa siku tatu.