Kulea Kuku Wakati wa Baridi, na Kuchachusha Chakula Chao

Kila mwaka, tangu Juni hata Agosti, sisi tukaao katika nyanda za juu za Njombe na Makete twaijua baridi. Huko Kitulo nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, na hata mjini Njombe mtu hutoka nyumbani asubuhi amejifunga shuka juu ya koti. Ndio wakati ambao watu husema, "Baridi imemaliza vifaranga wangu." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimepata kuyasema. Leo nataka kuwaeleza wasomaji kwa nini naona kwamba mara nyingi si kweli. Vifaranga wale waliuawa na unyevu, au moshi, au mahindi yenye ukungu, au mdondo, na baridi ikabebeshwa lawama.

Naanza na kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na vifaranga 26 wa wiki mbili. Baridi ya Julai ilipozidi, nikaziba kila tundu la banda kwa magunia na udongo, hata nafasi iliyo chini ya paa. Kisha nikaweka ndani jiko la mkaa, nikaenda kulala bila wasiwasi. Asubuhi nalikuta 17 wamelala ubavu, wamekufa, pasipo jeraha lolote, na waliosalia wakipepesuka. Jirani yangu akasema, "Pole, mwenzangu, baridi ya usiku ilikuwa kali." Nikaitikia, maana lilikuwa neno la kunifariji. Siku ya tatu Bwana Mifugo alipita, akaingiza kichwa bandani, akakitoa upesi huku macho yakimtoka machozi. Akaniuliza kama mimi mwenyewe ningeweza kulala humo usiku mmoja.

Mambo mawili yalikuwa yamefanyika. La kwanza, mkaa uwakao mahali pasipo hewa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, iitwayo kaboni monoksaidi, nayo huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema. Ndiyo hiyo iwauayo hata watu waliolala na jiko chumbani, kwa hiyo neno hili si la kuku tu. La pili, mavi ya kuku yaliyolowa hutoa mvuke mkali wa amonia, ule uwashao macho, nao huharibu koo na mapafu ya ndege. Mimi nilidhani nawafungia joto, kumbe nawafungia sumu.

Yatupasa kujua kwamba mwili wa kuku una joto kuliko wetu, kadiri ya digrii 41. Manyoya yake yakiwa makavu huyatanua, na hewa iliyoshikwa katikati yake humfunika kama blanketi. Kuku mkubwa, mkavu, aliyeshiba, huvumilia baridi ya Njombe bila taabu. Lakini manyoya yakilowa, blanketi hilo halipo tena. Na unyevu wa bandani hautoki nje peke yake: kuku wenyewe huutoa kwa pumzi na kwa mavi usiku kucha. Basi banda la baridi lisizibwe lote. Liwe na ukuta mzima upande utokao upepo, tangu chini hata juu ya vichwa vya kuku walalapo, na juu yake, karibu na paa, liachwe pengo la kupitisha hewa, lenye wavu wa kuzuia vicheche. Upepo usiwapige kuku waliolala, lakini mvuke upate njia ya kutokea. Ukiingia alfajiri ukaona matone ya maji ndani ya bati, au pua ikawasha, fungua zaidi, hata kama wewe mwenyewe watetemeka.

Sakafuni weka maranda makavu, nasi huku kwenye mbao nyingi hatuna udhuru. Yaliyolowa yaondolewe, hasa karibu na chombo cha maji. Mti wa kulalia uwe mpana kama sentimita tano, ili kuku akikaa, kifua na manyoya yake vifunike vidole vyote.

Vifaranga wana shauri jingine, kwa kuwa hawajaota manyoya ya kweli. Wiki ya kwanza hutaka joto la digrii 32 hata 35, kisha hupunguzwa kama digrii tatu kila wiki mpaka wamefunikwa manyoya, kiasi cha wiki ya tano. Asiye na kipimajoto na awatazame wenyewe. Wakisongamana na kulia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika huku na huku wakila na kulala, waache. Dumu la maji ya moto lililofungwa gunia, likibadilishwa usiku wa manane na alfajiri, ni salama kuliko mkaa. Lakini hakuna kitu kishindacho mama yao. Mwenye mitetea ya kienyeji na ahesabu siku: mayai huanguliwa kwa siku 21, basi kuku atamiaye mwanzoni mwa Aprili ataangua mwisho wa mwezi huo, na baridi itakapofika Juni vifaranga watakuwa na manyoya. Atamiaye mwisho wa Mei ataangua katikati ya Juni, na mwenyewe atajitafutia kazi ya kuamka usiku.

Sasa nije kwenye chakula. Wakati wa baridi kuku hula zaidi, maana sehemu ya chakula huenda katika kutunza joto la mwili. Kuku mkubwa hula kwa siku kadiri ya gramu 110 hata 130 za chakula kikavu, na siku za baridi huongeza. Jioni, kabla hawajapanda kulala, wape nafaka nzima nzima, mahindi yaliyovunjwa au ulezi. Kibofu kikijaa, kazi ya kusaga chakula hutia mwili joto usiku. Asubuhi ndipo chakula kilichochachushwa kinapofaa.

Mtu wa huku hahitaji kufundishwa kuchacha ni nini. Ameona ulanzi, ameona togwa, ameona maziwa yakiganda. Chakula cha kuku hufuata njia ya togwa na maziwa, si ya ulanzi: hatutaki kileo, twataka ukali. Vijidudu vidogo vyema vilivyomo katika nafaka hula sukari yake na kutoa asidi, ile ile iliyomo katika maziwa yaliyoganda. Asidi hiyo huzuia vijidudu viletavyo kuhara visistawi. Tena fosforasi, iliyofungwa katika maganda ya nafaka hata kuku hawezi kuipata, hufunguliwa kwa sehemu. Na unga, ambao ukiwa mkavu hupeperushwa na kuchakurwa chini, ukilowa huliwa wote.

Twaa ndoo ya plastiki au mtungi wa udongo. Usitumie debe wala ndoo ya bati, kwa kuwa asidi huila. Tia pumba za mahindi, mahindi yaliyoparazwa na mashudu ya alizeti, usizidishe nusu ya ndoo, maana vitaumuka. Mimina maji mpaka yazidi chakula kwa vidole viwili. Maji ya bomba yenye dawa yalale kwanza usiku mmoja katika chombo kilicho wazi, ili dawa isiwaue wale wafanyakazi wetu wadogo. Koroga, funika kwa kifuniko kisichobana, kisha koroga tena asubuhi na jioni, na kila uonapo chakula kimekunywa maji na kuinuka juu, ongeza maji. Kilicho juu ya maji ndicho kishikwacho na ukungu.

Mahali penye joto kazi hii ni ya siku mbili au tatu. Huku kwetu mwezi wa Julai, ndoo ikiachwa stoo, yaweza kukaa siku tano bila kuchacha vizuri, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au hulisha kuku chakula kilicholowa tu. Iweke jikoni, hatua moja au mbili kutoka mafigani, mahali ambapo ungeweka unga wa maandazi uumuke. Ukipata kikombe cha maji ya ndoo iliyotangulia, kitie humo kiwe chachu; ndoo ya pili huwahi kuliko ya kwanza. Kilicho tayari hutoa mapovu madogo na harufu kali njema, kama togwa ya siku ya pili. Utando mweupe laini juu ya maji si neno, uengue. Lakini ukiona manyoyamanyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au nyekundu, au ukisikia harufu ya kuoza, mwaga shimoni na kufukia. Usimpe kuku, wala nguruwe.

Liko jambo moja ambalo wengi hukosea. Chokaa na maganda ya mayai yaliyosagwa visitiwe katika ndoo. Chokaa huiua asidi, nawe utangoja siku nyingi ukali usiokuja. Viweke katika chombo chake, mtetea atajichukulia. Dagaa nao na wachanganywe siku ile ile ya kulisha, maana wakilala ndooni siku nyingi huoza kabla pumba hazijachacha.

Wakati wa kulisha, kamua maji, chakula kiwe tepetepe cha kushikika mkononi. Siku za kwanza changanya robo tu na chakula walichozoea. Toa kiasi kitakacholiwa kwa muda wa saa moja, kisha ondoa masalio na kuosha chombo, kwa sababu chakula cha majimaji kikimwagika huleta ule unyevu tulioukimbia bandani. Vifaranga wapewe kidogo kidogo, katika sahani pana, wasije wakakanyaga na kulowa.

Wako wasemao kwamba kwa njia hii gharama ya chakula hupungua nusu. Mimi sisadiki. Huokoa kile kilichokuwa kikipotea, na hiyo ni faida ya kutosha. Kama chakula kilikuwa hakina dagaa wala mashudu, kuchachusha hakutaviumba.

Wala hakuondoi sumu ya ukungu. Hapa naomba nisikilizwe sana, maana kwetu ni desturi kusema kwamba mahindi mabovu ni ya kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda wa miezi michache, na watu hawakujua ni ugonjwa gani. Walipochunguza wakaona kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yenye ukungu. Na kwa njia hiyo ikagunduliwa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huharibu ini. Haifi kwa kupikwa jikoni, na ndoo ya kuchachusha si dawa ya kuitegemea. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Vifaranga, na hasa wa bata na batamzinga, hawaistahimili. Mahindi yavunwayo Julai huku kwenye ukungu wa milimani yakiwekwa ghalani kabla ya kukauka, huanza kuota ukungu kwenye kiini. Yachague kwa mkono. Yaliyooza yafukiwe, ingawa moyo huuma.

Neno la mwisho ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu huzuka sana wakati wa kiangazi, ambao huku kwetu ndio huo huo wakati wa baridi. Ndiyo maana wengi huvichanganya. Kuku akikunja shingo, akipooza mguu au bawa, akihara kijani, na wengine kumi wakafuata wiki hiyo, usiseme baridi. Baridi haiambukizi toka banda hata banda. Hapana dawa ya kumponya, ila iko chanjo ya tone moja jichoni, irudiwayo kila miezi mitatu au minne, kwa kuku wazima ambao hawajaugua. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na ikifunguliwa haifai kulimbikizwa. Kwa sababu hiyo wenyeviti wa vijiji wanaweza kusaidia sana wakipanga siku moja ya kijiji kizima, mwezi wa Mei, kabla ya baridi, kila mtu akafungia kuku wake ndani tangu usiku ili wapatikane asubuhi.

Nao waalimu wenye banda la shule wanaweza kuwapa watoto jambo la kupima. Wagawe vifaranga 20 wa umri mmoja katika makundi mawili, banda moja, joto moja, chakula kile kile. Kundi moja wale kikavu, jingine kilichochachushwa. Wapimwe kwa mizani kila Jumamosi, na chakula kipimwe kikiwa kikavu kabla ya kutiwa maji, ama sivyo watoto watahesabu maji kuwa chakula. Daftari ile ihifadhiwe hata mwaka wa pili, warudie tena Julai ijayo.