Mgongo Unauma: Ni Figo au Ni Misuli?

Mtu akilalamika kuwa anaumwa mgongo, hakosi jirani wa kumwambia, "Hizo ni figo." Mwingine hufanya kinyume: figo inaumwa kweli, lakini yeye anasema ni uchovu wa jembe. Hununua vidonge dukani na kuendelea na kazi. Wa kwanza anapata hofu bure. Wa pili anaweza kupoteza maisha. Mwezi huu tujifunze kutofautisha maumivu hayo.

Figo ziko wapi?
Figo ni mbili. Zimekaa upande huu na upande huu wa uti wa mgongo, chini ya mbavu za mwisho. Kila moja ina ukubwa wa ngumi hivi. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu katika mkojo. Kwa hiyo maumivu yake husikika juu ya kiuno, kuelekea ubavuni, na mara nyingi ni upande mmoja.

Maumivu ya mgongo wenyewe
Haya hutoka katika misuli, mifupa au mishipa ya fahamu. Mara nyingi huanza baada ya kulima, kuinua gunia au kubeba ndoo za maji. Huuma zaidi chini, kiunoni. Huongezeka mtu akiinama au akigeuka, na hupungua akipata mkao mzuri. Pengine hushuka makalioni hadi mguuni. Homa hakuna, na mkojo haubadiliki.

Maumivu ya figo
Haya hayabadiliki sana hata ukigeuka namna gani. Huja kwa njia mbili hasa:

1. Vijidudu vikiingia katika figo, mgonjwa hupata homa, hutetemeka kwa baridi na pengine hutapika. Huenda haja ndogo mara kwa mara na kusikia mkojo unachoma. Hapa wengi hukosea na kumeza dawa ya malaria. Mgonjwa apimwe damu na mkojo pia, maana malaria na ugonjwa wa figo hutibiwa kwa dawa tofauti.

2. Vijiwe vya figo huleta maumivu makali sana, yanayokuja kwa mawimbi na kushuka hadi kinenani. Mgonjwa hugaagaa, hapati mkao wa kumpumzisha. Mkojo unaweza kuwa na damu.

Usingoje kesho
Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja ikiwa maumivu yamekuja pamoja na homa, kutapika au damu katika mkojo, au mkojo umekatika. Mama mjamzito asingoje hata kidogo, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kumfanya azae kabla ya wakati. Vilevile, anayeumwa mgongo akiona miguu inalegea, au anashindwa kuzuia haja, awahishwe hospitali; mishipa ya fahamu inabanwa.

Jihadhari na vidonge
Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila ushauri zinaweza kuharibu figo zenyewe. Hatari huzidi kwa mzee, kwa mwenye shinikizo la damu na kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini.

Jambo la mwisho
Figo nyingi huharibika bila kuuma kabisa. Kisukari na shinikizo la damu huziharibu polepole, na mgonjwa hugundua akiwa tayari amevimba uso au miguu. Kwa hiyo mwenye magonjwa hayo asisubiri maumivu. Akienda kliniki, aombe kupimwa damu na mkojo kwa ajili ya figo.

Nyumbani kwako, mtu akisema mgongo unauma, muulize maswali matatu: Je, ukigeuka maumivu yanabadilika? Una homa? Mkojo ukoje? Majibu yakikutia shaka, msibishane. Mpelekeni akapimwe.